Balozi mkazi ana kazi gani baina ya nchi jirani, ikiwa mawaziri wanapigiana simu?

1. Mwanabandari

Salamu kwenu nyote. Mimi ni wakala wa forodha hapa Mombasa, na riziki yangu hutegemea namna Kenya inavyoelewana na majirani zake, kwa kuwa wanapokosana wakubwa, stakabadhi zinazokwama mezani ni zangu. Januari 2024 mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu Air Tanzania ilikuwa imenyimwa ruhusa ya kubeba mizigo kutoka Nairobi hadi nchi ya tatu. Nilikuwa na wateja wawili waliokwisha kukata tiketi. Kabla sijamaliza kuwaeleza la kufanya, aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje, Mheshimiwa Musalia Mudavadi, na mwenzake wa Tanzania, Mheshimiwa January Makamba, walikuwa wamezungumza, na katazo likaondolewa.

Sasa nauliza. Ikiwa mawaziri wawili wanaweza kulimaliza jambo kubwa kama hilo kwa simu, na ikiwa mtu anaweza kupanda ndege Nairobi asubuhi, akazungumza Dar es Salaam mchana na kulala kwake usiku, balozi anayekaa katika mji mkuu wa jirani, pamoja na nyumba yake, gari lake lenye bendera na watumishi wake, anafanya kazi gani? Haja ya balozi Beijing naielewa. Kwa jirani siioni. Maoni yangu ni kwamba fedha hizo zingepelekwa kwenye balozi ndogo za miji ya mpakani na bandarini, mfano wa Ubalozi Mdogo wa Tanzania ulioko hapa kwetu, maana huko ndiko wananchi wanakopatia taabu. Anayenipinga anipinge kwa hoja.

2. Mwanafunzi wa Sheria

Ahsante kwa mada. Ndugu Mwanabandari, umeihukumu kazi ya balozi kwa jambo moja kati ya matano. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 3, unataja kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi ya nchi na ya raia wake, kuzungumza na serikali mwenyeji, kufuatilia hali ya mambo kwa njia halali na kuipelekea taarifa serikali yake, kisha kukuza urafiki na ushirikiano wa uchumi, utamaduni na sayansi. Simu ya mawaziri inagusa mazungumzo tu.

Tena kifungu cha 5 cha mkataba huohuo kinaruhusu balozi mmoja kuwakilisha nchi yake katika mataifa kadhaa, maadamu hakuna linalopinga. Kwa hiyo sheria haimlazimishi balozi kukaa kwa jirani. Nchi zenyewe ndizo zilizochagua akae, na mimi ningependa tujadili kwa nini zimechagua hivyo. Hizo balozi ndogo unazozisifu zina mkataba wao mbali, wa 1963, na kazi yake ni raia, meli, hati na wafungwa. Si kazi ya serikali kwa serikali.

3. Dereva wa Masafa

Mimi namuunga mkono mwenye uzi. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na dereva akatakiwa apimwe. Madereva wa Tanzania wakarudishwa kwa majibu ya vipimo, upande wa pili ukayakataa majibu hayo, na wakuu wa mikoa ya mpakani wakajibu kwa kuwazuia madereva wa Kenya. Mimi nililala siku sita ndani ya lori njia ya Lunga Lunga, maji ya kunywa nanunua kwa watoto wa kijijini, na mzigo wangu ulikuwa sabuni, wala haukuwa na haraka, lakini aliyekuwa mbele yangu alikuwa na samaki.

Mawaziri wa uchukuzi wa nchi mbili wakakutana Namanga, ndipo tukaanza kupita. Katika siku zile sita sikusikia jina la balozi, wala wa kwetu wala wa kwao. Ikiwa kulinda maslahi ya raia ni kazi yake ya pili kama asemavyo mwanafunzi, sisi tuliokuwa foleni tulikuwa raia wa nani?

4. Maalim wa Kuze

Wanangu, tuanze na neno lenyewe, kwa sababu limebeba historia. Watu wa Venisi walikuwa na mwakilishi wao aliyekaa Konstantinopoli, aliyeitwa bailo. Waturuki wakalitamka balyoz, likateremka hadi Ghuba, ambako Waarabu walimwita kwa jina hilo mjumbe wa Uingereza, na sisi wa mwambao tukalipokea kama balozi. Yule bailo hakuwa mtu wa kupeleka salamu za mtawala wake peke yake. Alikuwa akiamua kesi za wafanyabiashara wa kwao, akifuatilia madeni yao, na akiandika barua kila mara kueleza nini kinasemwa katika mji wa watu. Kwa hiyo Ndugu Mwanabandari, unapomtenga balozi wa bendera na balozi mdogo wa stakabadhi, unatenga vitu ambavyo asili yake ni kimoja.

Lakini nina tahadhari kwa upande wa pili pia. Marekani iliweka konseli wake, yaani balozi mdogo, Unguja mwaka 1837, na Uingereza mwaka 1841. Walifika kama wageni wa biashara. Mwaka 1873 John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza hapo Unguja, alimshurutisha Seyyid Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na nyuma yake kulikuwa na tishio la manowari. Jambo lenyewe lilikuwa la haki, lakini tazameni nguvu aliyoipata mgeni mkazi: mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mjumbe anayekaa sana hujua milango yote ya nyumba, na si kila ajuaye milango ana nia njema. Ndiyo maana kifungu cha 41 cha huo Mkataba wa Vienna kinamkataza balozi kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji.

5. Mama wa Kongowea

Shikamoo Maalim. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka na vitunguu, na nitasema niliyoyaona. Machi 2021 mahindi ya Tanzania na Uganda yalipigwa marufuku kuingia Kenya kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache marufuku ikalegezwa, kwa masharti ya kusajiliwa na kuwa na cheti cha kupimwa. Katika siku hizo chache nilikuwa na magunia yangu upande wa pili, na kila niliyempigia aliniambia niulize wizara, na wizara ni majengo mengi.

Barua ile ilitoka kwa mamlaka ya kilimo. Haikutoka kwa rais wala kwa waziri wa mambo ya nje. Nani upande wa Tanzania alijua ni mlango upi wa kubisha Nairobi, na nani ndani ya mlango huo? Mimi nadhani ni mtu aliyekuwa akiishi hapo. Mwambata wa biashara wa ubalozi hulipwa kwa kujua hilo.

6. Mstaafu wa Likoni

Nimesoma kwa makini, na nimeona nichangie kwa sababu nilikuwa karani kwa miaka mingi katika ubalozi wetu kwenye mji mkuu wa nchi jirani, ambao sitautaja.

Siku ya ubalozi huanza na magazeti. Kazi yangu ilikuwa kukata habari zote zinazotugusa na kuzipanga mezani kabla balozi hajafika, hata barua za wasomaji, kwa kuwa mara nyingi hasira ya wananchi dhidi ya nchi jirani huonekana kwenye barua za wasomaji kabla haijafika bungeni. Baada ya hapo balozi huandika taarifa nyumbani. Hazikuwa taarifa za siri za kutisha kama watu wanavyodhani. Zilieleza nani amepandishwa cheo, ni waziri gani hasemezani na mwenzake, na mswada upi wa kodi utaumiza bidhaa zetu ukipita.

Mchana alikuwa na kazi nyingine, ambayo vijana wa ofisini waliiona kuwa ni kupoteza mafuta ya gari. Balozi wetu alikuwa akienda mazikoni. Alifiwa na mama katibu mkuu wa wizara moja huko, kijijini, barabara mbovu ya nusu siku, na balozi akaenda, akakaa mkekani na wafiwa mpaka matanga yalipoanuliwa. Mwaka uliofuata malori yetu kadhaa yalikamatwa kwa kosa la vibali. Balozi alimpigia katibu mkuu huyo saa nne usiku, naye akapokea. Malori yaliachiliwa asubuhi, na hakuna gazeti lililoandika, kwa sababu hapakuwa na la kuandika.

Mwanangu Mwanabandari, wewe unahesabu yale yaliyofika kwenye magazeti, na hayo humalizwa na mawaziri, ni kweli. Yaliyoishia njiani huwezi kuyahesabu. Na waziri anapoinua simu, yupo aliyemwandikia jioni ile kwamba mwenzako anataka hili, hatakubali lile, na usimtajie jambo fulani kwa sababu limemuudhi.

Niliona pia kinyume chake. Wakati mmoja nafasi ya balozi ilikaa wazi kwa muda mrefu, akawa anashika kaimu. Kaimu alikuwa mtu hodari, barua zetu zilipokelewa kwa heshima, lakini majibu yalichelewa, maana wenyeji walikuwa wakisema kwamba ikiwa nyinyi hamjaona haja ya kutuletea mtu, basi na sisi hatuna haraka.

7. Mwanabandari

Shikamoo Mzee Mstaafu, na nakushukuru, kwa kuwa hayo ya mazikoni sikuyajua. Hata hivyo sijashawishika, na nina mfano mzito. Uganda na Rwanda ni majirani wa karibu kuliko sisi na Tanzania, na viongozi wao walipigana vita upande mmoja msituni. Balozi zao zilikuwa wazi Kampala na Kigali, mabalozi wamo ndani, na bado mpaka wa Gatuna ulifungwa kuanzia mwaka 2018 kwa zaidi ya miaka mitatu. Mizigo yetu ya Kigali iliyokuwa ikipita Uganda ikalazimika kuzunguka. Mabalozi hao walizuia nini?

8. Mpwani Aliyeko Kampala

Ndugu yangu Mwanabandari, nakusahihisha kwa upendo. Gatuna ilifungwa tarehe 28 Februari 2019 na ikafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, yaani haikufika miaka mitatu, ijapokuwa kwa wauza viazi wa Kabale ilikuwa kama kumi.

Lakini mfano wako unaweza kusomwa kwa namna mbili. Unasema mabalozi hawakuzuia kufungwa kwa mpaka. Mimi niliyekuwa hapa nasema kwamba katika miaka hiyo watu walikamatwa, wengine waliuawa kwa risasi mpakani, na viongozi walitupiana maneno makali, na bado nchi hizo hazikupigana. Balozi zilibaki wazi wakati kila kitu kingine kimefungwa. Silijui jambo jingine lililobaki likiunganisha serikali zile mbili kila siku.

Ni kweli pia kwamba mwisho wake haukuletwa na mabalozi. Makubaliano ya Agosti 2019 yalitiwa saini Luanda kwa usuluhishi wa Angola na Kongo, na mpaka ulifunguliwa siku chache baada ya Jenerali Muhoozi, mtoto wa Rais Museveni, kwenda Kigali kuonana na Rais Kagame. Wapo wanaosema kwamba baina ya majirani undugu wa viongozi ndio ubalozi wenyewe. Mimi silipendi neno hilo, kwa kuwa undugu wa viongozi ukiharibika, wananchi hawana pa kukata rufaa.

Na tusiisahau Arusha. Desemba 2023 Uganda iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kwa ajili ya leseni ya kampuni yake ya taifa ya mafuta, ili iingize mafuta yake kupitia hapo Mombasa. Katika mwaka 2024 jambo likamalizika kwa makubaliano na mafuta yakaanza kupita kwa utaratibu mpya. Ikiwa jirani anaweza kumshtaki jirani na kesho yake wakafanya biashara, huenda Jumuiya ya Afrika Mashariki imemwondolea balozi nusu ya mzigo.

9. Nahodha wa Vanga

Nimewasikiliza watu wa mijini, sasa nisikilizeni wa baharini. Kutoka Vanga ukitweka tanga kuelekea kusini, kabla chai haijapoa kwenye chupa umeshaingia maji ya Tanzania. Moa wapo shemeji zangu, Jasini ndiko kilikozikwa kitovu cha mama yangu, na Wapemba huja kwetu dago kila msimu, wakakaa ufukweni wiki kadhaa wakivua na kukausha, kisha wakarudi kwao. Mvuvi akikamatwa upande wa pili, anayekwenda ni mzee wa kijiji chetu pamoja na mwenyekiti wa wavuvi. Wanakwenda kwa mzee wa kule, wanakunywa kahawa, wanatajiana nani kamwoa nani, na mara nyingi mtu anarudi na chombo chake, ingawa nyavu huweza kubaki.

Kwa hiyo mimi nasema balozi mkazi wa kweli baina ya majirani ni mkwe. Serikali ilitusaidia kwa jambo moja kubwa, nalo ni kuuchora mpaka wa bahari mwaka 1977, tukajua wapi ni wapi.

10. Mwanafunzi wa Sheria

Nahodha, shikamoo. Mpaka huo ulikubaliwa kwa nyaraka zilizobadilishana serikali mbili kati ya Desemba 1975 na Julai 1976, kisha ukaongezwa kwa makubaliano ya 2009. Nasisitiza mwaka kwa sababu una maana. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wa nchi kavu hadi 1983. Kama nyaraka zile zingecheleweshwa mwaka mmoja tu, nani angeketi kuziandika?

Tazameni sasa upande wa kaskazini. Kenya na Somalia hazikuwahi kukubaliana mstari wa bahari. Kwa muda mrefu vita vilifanya mabalozi wengi waliopangiwa Somalia wakae Nairobi badala ya Mogadishu. Mwaka 2014 Somalia ikaipeleka Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Februari 2019 Kenya ikamwita nyumbani balozi wake. Desemba 2020 Somalia ikakata uhusiano kabisa, ukarejeshwa Mei 2021 kwa juhudi za Qatar, na Oktoba mwaka huo mahakama ikatoa hukumu iliyoipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa. Hapa tunaona kazi ambayo bado haijatajwa katika uzi huu: balozi ni neno ambalo serikali hulisema kwa kumweka na kwa kumwondoa. Kumwita balozi nyumbani kwa mashauriano ni kukasirika kwa kipimo. Nchi isiyo na balozi kwa jirani haina namna ya kuonyesha hasira ndogo, inabaki na hasira kubwa peke yake.

11. Mmeru wa Majengo

Mwanafunzi, hoja yako ni nzuri kwenye karatasi. Mimi ni mtu wa miraa. Uhusiano ulirejeshwa Mei 2021 kama usemavyo, lakini ndege za miraa kwenda Mogadishu, zilizosimama Machi 2020, hazikuruka tena mpaka Julai 2022, baada ya Rais Hassan Sheikh na Rais Uhuru Kenyatta kuafikiana. Kwa zaidi ya mwaka mmoja tulikuwa na uhusiano na hatukuwa na soko. Wakulima wa Igembe waling'oa baadhi ya mashamba wakati bendera inapepea vizuri kabisa.

12. Tanga Kwetu

Hamjambo jirani zetu. Nasoma uzi huu nikiwa Ngamiani, na nimeshangaa kwamba watu wa Mombasa wamezungumza kurasa mbili kuhusu mabalozi bila kumtaja balozi wa nyumba kumi. Kwetu Tanzania, tangu zama za chama cha TANU, kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wao. Alikuwa akijua mgeni wa nani amelala wapi, nani amegombana na mkewe, na nani hana unga. Hakuwa na gari wala bendera, na thamani yake yote ilikuwa kwamba anaishi hapohapo. Nyinyi mlichukua jina la nyumba kumi mwaka 2013 kwa ajili ya usalama, mkaliacha neno balozi.

Maalim, samahani kwa kukuongezea maana nyingine ya neno lako.

13. Maalim wa Kuze

Mwanangu wa Tanga, umesamehewa, na umenizidi. Huo ndio ubailo wenyewe, umeteremka kutoka ikulu hadi uani.

Nami niongeze ambalo Nahodha amelipitia kwa haraka. Wamakonde wa Kwale walikuja kutoka Msumbiji na Tanzania kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzikana hapa kwa vizazi kadhaa bila uraia wa Kenya. Mwaka 2016 walitembea kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi, na mwaka uliofuata wakatambuliwa. Wapemba wakatambuliwa mwaka 2023. Watu hao walitoka nchi zenye mabalozi Nairobi. Nauliza kwa uchungu, si kwa lawama: mtu ambaye babu yake alivuka, na kwao hawana tena jina lake, huyo ni raia wa kulindwa na balozi yupi? Mkataba wa Vienna haumjui. Hapa ndipo ninapokubaliana na mwenye uzi kwamba mji mkuu uko mbali.

14. Bi wa Kibokoni

Mimi huwa sichangii, lakini nimeguswa. Kaka yangu alifariki Dar es Salaam kwa ugonjwa wa ghafla, siku ya Ijumaa alasiri. Sisi tunazika haraka, mnajua. Ilihitajika hati ya kusafirisha maiti, cheti cha hospitali, na kibali cha mpakani, na pasipoti ya marehemu ilikuwa imepotea. Nilipata nambari ya afisa mmoja wa ubalozi kupitia mtu wa mtaa. Aliondoka nyumbani kwake, akafungua ofisi usiku, akaandika hati kwa mkono wake, na asubuhi gari lilipita Horohoro. Hakutaka chochote. Aliniomba tu nimsomee Fatiha marehemu kwa niaba yake, na mpaka leo nikimkumbuka kaka yangu humkumbuka na yeye.

Alikuwa afisa wa ubalozi wa mji mkuu, Ndugu Mwanabandari. Hakuwa wa ofisi ya mpakani.

Na mmetaja Luanda na Qatar. Katika ndoa zetu mshenga huwa hatoki ndani ya nyumba yoyote kati ya mbili. Hata mali ya Jumuiya ilipohitaji kugawanywa, aliyesuluhisha alikuwa Mswisi, Victor Umbricht, na mkataba ukatiwa saini Arusha mwaka 1984. Pengine tunamdai balozi kazi ya mshenga, na yeye ni wa upande mmoja, hawezi.

15. Dereva wa Masafa

Pole sana Bi, Mungu amrehemu. Nimeyapokea maneno ya Mzee Mstaafu na yako, lakini yanaonyesha kitu kingine: kila kitu kinategemea mtu. Mmoja anafungua ofisi usiku, mwingine hapokei simu mchana. Mimi nilikamatwa katika nchi moja jirani kwa ajali isiyokuwa yangu, na ofisi yetu ya huko nilipoipigia niliambiwa niandike barua. Kutoka rumande niandike barua kwa kalamu ipi? Nadhani ugonjwa uko kwenye uteuzi. Cheo hiki hupewa wanasiasa walioshindwa kura.

16. Mstaafu wa Likoni

Pole, mwanangu, na haki yako ilikuwa kubwa kuliko ulivyoambiwa. Mkataba wa 1963, kifungu cha 36, unataka polisi wakueleze bila kuchelewa kwamba unaweza kuomba ubalozi wako upewe habari, na afisa wa ubalozi ana haki ya kukutembelea.

Kuhusu uteuzi, hapa kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 132, inataka Bunge la Taifa liidhinishe mabalozi, kwa hiyo wabunge nao wana sehemu yao ya lawama. Lakini sikubali kwamba mwanasiasa lazima awe balozi mbaya. Mheshimiwa Dan Kazungu wa Malindi alikuwa mbunge na Waziri wa Madini kabla ya kupelekwa Dar es Salaam, na mtu wa Pwani anayezungumza na Watanzania kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani ana faida ambayo huipati chuoni. Salim Ahmed Salim alikuwa na umri wa miaka 22 alipokuwa balozi Cairo mwaka 1964, hakuwa na uzoefu wowote wa miaka, na akafika hadi kuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ninachokiogopa zaidi ni balozi kubadilishwa kabla hajaalikwa kwenye mazishi hata moja.

17. Mpwani Aliyeko Kampala

Na tukumbuke gharama wanayoibeba. Tarehe 28 Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipokuwa unaanguka mikononi mwa waasi, waandamanaji Kinshasa walivamia balozi kadhaa, ya Kenya ikiwa miongoni mwake. Waliokuwamo hawakuwa na sauti yoyote katika vita vile. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na kifungu cha 22 cha Mkataba wa 1961 kinasema jengo la ubalozi halivamiwi, lakini siku ile vyote viwili vilitegemea mlango wa chuma.

18. Mwanabandari

Ahsanteni. Mlichonibadilisha ni hiki: nilidhani ukaribu unapunguza haja ya balozi, na Mzee Mstaafu na Bi wa Kibokoni wamenionyesha kwamba ukaribu huongeza idadi ya mambo madogo, na mambo madogo yanataka mtu aliyepo. Bado nasema awekwe mahali mambo yanapotokea. Mmeru hajajibiwa, na Maalim hajajibiwa kuhusu Wamakonde.

Nahodha, nina swali kwako. Umesema wazee wakienda Moa mtu hurudi, mara nyingi. Zile mara nyingine huwaje?

19. Nahodha wa Vanga

Mwaka mmoja upepo wa kaskazi uliwasukuma vijana wetu wanne mbali, wakapita Moa, wakakamatwa karibu na Pemba, ambako hatuna mkwe hata mmoja. Wazee walikwenda hadi Tanga, wakarudi mikono mitupu. Kisha mwalimu wa shule yetu aliandika barua, akaileta Mombasa kwa mkono, ikapelekwa Dar es Salaam, na siku ya kumi na saba vijana waliletwa Horohoro na mtu aliyevaa tai, ambaye hatukuwahi kumwona kabla wala baada. Alitusainisha karatasi moja, akaomba maji ya kunywa, akaondoka kabla hatujamuuliza jina. Chombo hakikurudi. Nyavu pia hazikurudi. Mmoja wa vijana hao ni mwanangu, na kesho anavua.